Jina Nililoliruka

Majina ya watu sitayaandika humu. Nayajua yote, ya ukoo wangu na ya ukoo wa mume wangu, mpaka ya watoto waliokaa duniani siku mbili tu wakaondoka. Lakini kwetu jina la aliyekufa halitamkwi hivi hivi huku mtu anachambua mchele. Linatamkwa kwa kazi yake. Mwaka huu kazi hiyo ilinipeleka Mbale, na tangu nirudi hapa Mafubira, pembeni ya Jinja, mlango wangu naufunga kwa komeo mchana kweupe.

Aliyenipigia simu ni mjukuu wangu. Ni binti wa mwanangu wa kwanza, na nimemlea mimi, hapa Jinja, kwenye laini, zile nyumba za safu za askari jela. Mume wangu alikuwa askari jela, na sisi mle ndani, Wagisu, Waacholi, Wateso, tulielewana kwa Kiswahili. Ndiyo maana mpaka leo mimi na yeye tunaongea Kiswahili, ila ananiita kukhu, yaani bibi kwa Kigisu. Alisoma, akapata kazi ya maabara Mbale, akaolewa huko huko, na mwaka huu akajifungua mtoto wa kiume. Mtoto alikuwa na wiki saba.

"Kukhu, njoo," aliniambia. "Anakataa."

Sikuuliza anakataa nini. Nyuma ya sauti yake nilikuwa namsikia mtoto mwenyewe. Hakuwa analia kama mtoto mwenye njaa, anayelia akapumzika, akalia tena. Huyu alilia kwa sauti moja, ndefu, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto.

Hospitali walikuwa wamempima damu, mkojo, masikio, tumbo, wakasema mtoto ni mzima. Asubuhi ananyonya, analala, anacheka na dari. Ikifika saa sita ya mchana anatema ziwa na kuanza, na hanyamazi mpaka jua lishuke. Kwetu sisi mtoto wa namna hiyo anatafuta jina. Amekuja na mtu, na mtu huyo anataka kutambuliwa. Basi hukaa bibi mwenye majina kichwani, mama naye anamwekea mtoto ziwa mdomoni, bibi anaita marehemu mmoja mmoja. Mtoto akisikia la kwake ananyamaza na kunyonya. Hilo ndilo jina lake, kazi imekwisha.

Mama mkwe wa mjukuu wangu alikuwa ameshaita wa upande wao kwa siku tatu. Ulibaki upande wetu, na upande wetu mwenye majina ni mimi.

Hapa lazima niseme habari ya mwanangu, baba yake mjukuu wangu. Miaka kumi na mbili iliyopita aliondoka na lori la mahindi kwenda Juba. Alinunua betri za tochi pale Bugembe, akanipungia mkono kupitia dirisha la lori, na huo ndio mwisho wake niliouona. Simu yake ililia wiki ya kwanza, halafu haikulia tena. Lori halikuonekana, mwenzake hakuonekana, mwili haukuletwa. Watu wa ukoo walitaka tufanye matanga, wazike hata shina la mgomba mahali pa mwili kama ifanywavyo. Nikakataa. Mimi kila siku nilikuwa namfunikia sahani ya chakula cha mchana, na mlango wangu wa mbele nauegemeza tu bila komeo, maana yeye alizoea kuja mchana, kusukuma mara moja kwa bega, na kuingia.

Nikafunga safari na galoni ya bongo mkononi. Bongo ndiyo maziwa ya mgando, nimeyauza maisha yangu yote.

Nyumba ya mjukuu wangu iko upande wa mji unaotazamana na Wanale. Mlima ule umesimama kama ukuta, na mvua ikinyesha juu unaona maji meupe yakishuka kwenye jabali bila kusikia sauti yake. Nilifika saa tano. Mtoto alikuwa amelala. Nilimwangalia nikaona yuko sawa, nyusi za kwetu, kidevu cha kwao. Mkwe mwenzangu akaniletea kiti, akasema afadhali nimekuja maana yeye ameishiwa, ameita mpaka marehemu wasiopenda watoto.

Saa sita kivuli cha mti wa uani kilikuwa kimejikusanya chini ya mti. Mtoto akafumbua macho, akatazama mlango, akaanza.

Nilikaa kama bibi yangu alivyonifundisha, magoti yameelekea mlangoni. Namna ya kuita ni hii: kwanza unasema neno dogo la Kigisu ambalo kwa Kiswahili naliandika marehemu, halafu jina, halafu unanyamaza kiasi cha kuvuta pumzi tatu. Neno lile ni lazima litangulie. Bibi alinieleza kwamba majina ya walio hai na ya waliokufa yanakaa kichwani mahali pamoja, yamechanganyika, na kinachoyatenga ni alama hiyo tu. Ukiita mtu aliye hai kwa alama hiyo, mtoto akapokea, umemtoa yule mtu mahali pake. Alimjua mwanamke aliyekosea hivyo kwa ulimi kuteleza, akaita kaka yake mzima aliyekuwa shambani anapalilia. Mtoto alinyonya. Bibi hakunimalizia habari ya yule kaka, na mimi sikuuliza.

Basi nikaita. Naanza siku zote na waliokufa karibuni, narudi nyuma. Niliita mume wangu. Niliita shemeji zangu, mama mkwe wangu, wale wawili wa ndui, yule aliyechukuliwa na maji ya Mto Manafwa, yule wa siku mbili. Mtoto alilia juu ya kila jina kama mvua juu ya bati. Nilipofika kwa watu ambao hata bibi yangu hakuwaona kwa macho, jua lilikuwa limeinama, na mtoto akanyamaza mwenyewe kwa uchovu. Jasho lilikuwa limemlowesha mama yake mpaka kiunoni.

Mkwe mwenzangu alikuwa mlangoni anamenya ndizi za matoke. Akasema, bila kuinua uso, "Mkwe, nimehesabu pumzi zako. Mwanzoni kabisa, kabla hujamwita mzee wako, ulifungua mdomo ukaufunga. Kuna mtu umemruka."

Nikamwambia amenye matoke.

Kulipokucha niliona mjukuu wangu ananitazama, na nilijua anataka nini. Hakutaka mtoto anyamaze tu. Alitaka kujua kama ana baba. Amekaa miaka kumi na mbili bila kusema ana baba na bila kusema hana, na hata kwenye harusi yake kiti cha baba tulikiacha wazi.

Asubuhi mtoto alipolala mjukuu wangu alikanda unga wa chapati. Nikamuuliza, ili tuongee kitu kingine, huko maabara anashika nini siku nzima. Akacheka, akaonyesha galoni yangu kwa kidole chenye unga. Akasema anashika hao hao, bakteria wa maziwa. Yeye na wenzake wanasoma miili ya bakteria hao, protini zao moja moja, zina umbo gani na umbo hilo linafanya kazi gani.

Halafu akaniuliza kama nakumbuka mwaka bongo ilipogoma. Nitasahau vipi? Yeye alikuwa mdogo, tuko bado kwenye laini. Wiki nzima maziwa hayakuganda, yakawa maji yenye harufu. Nilisugua vibuyu kwa moshi, nikabadilisha muuza maziwa, nikagombana na jirani kwa jicho lake baya. Kibuyu kimoja cha mwisho nilikisahau pembeni. Siku ya nane nikakifungua nimwage, nikakuta kimeganda, kizito, kitamu kuliko zamani. Chachu ya kibuyu kile ndiyo ninayozalisha mpaka leo, na haijagoma tena.

Mjukuu wangu akasema halikuwa jicho la jirani. Ni virusi. Hata bakteria wana virusi vyao, vinawaingia na kuwapasua. Wengi walikufa. Waliobaki katika kibuyu ni wale waliowahi kumkata adui kipande na kukihifadhi.

"Kuhifadhi wapi?"

"Ndani ya uzi wao wenyewe wa urithi, kukhu, ule tunaouita DNA. Wana kama daftari. Kuna protini zinazofanya kazi ya karani, zimekaa pamoja zimetandaza mabawa kama kipepeo. Zile za katikati ndizo kipimo. Kipande cha adui kinalazwa juu yake, kinapimwa, kinakatwa urefu ule ule siku zote, kinashonwa kwenye daftari. Na kipya kinashonwa mwanzoni. Wa karibuni juu, wa zamani chini."

Mtu aliyesoma kule alikuwa ananieleza utaratibu wa bibi yangu ambaye hakujua kushika kalamu.

Akasema bakteria wakizaliana, mtoto anazaliwa na daftari zima. Hajawahi kumwona adui, lakini jina lake, yaani kile kipande, analo. Nikatazama ile galoni. Miaka yote nimeibeba mkononi, nimewanywesha watu, na mle ndani mlikuwa na orodha ya wafu wasiohesabika, kimya, katika maziwa meupe.

Hapo akachukua donge la unga, akaligawa mapande mawili makubwa yaliyoshikana kwa shingo nyembamba. Akasema hii ndiyo protini anayoisoma yeye, na kwamba ni mkono. Ukiwa peke yake umelegea, hauna kazi. Lakini ukipewa nakala ya jina moja kutoka daftarini, unageuka. Akakunja yale mapande, katikati pakatokea mfereji. Akapitisha humo uzi wangu wa kushonea, akawa anauvuta taratibu.

"Hauna macho," alisema. "Unapapasa uzi wote wa ndani ya mwili ule, kila mahali, unatafuta jina ulilopewa. Lakini hausomi jina kwanza. Unatafuta kwanza alama ndogo inayokaa pembeni ya jina. Pasipo na alama, unapita hata kama jina ni lenyewe. Penye alama ndiyo unasimama, unafunua uzi kidogo, unalinganisha herufi moja baada ya nyingine. Zikikubaliana zote, unafumba. Una visu viwili ndani, kila kimoja na upande wake wa uzi."

Akafumba donge. Uzi ukakatika, sijui kwa kucha yake au vipi.

Nikamuuliza alama ni ya nini, kwa nini wasitumie jina tu.

"Kwa sababu jina liko pia kwenye daftari lao wenyewe. Bila alama, mkono ungekwenda daftarini ukajikata nyumbani. Kwa hiyo karani anaposhona jina, alama anaiacha nje. Jina likiwa nyumbani, halina alama. Ndivyo mkono unavyojua huyu ni wetu."

"Na ukikosea?"

"Bakteria anajikata mwenyewe. Mara nyingi anakufa."

Alikuwa ameelewa sawasawa na mimi, maana amekua ananisikia nikiita. Alinyoosha lile donge likawa chapati, akaliweka kwenye kikaango, na baadaye sisi wote tukaikwepa ile moja, ikabaki kwenye sahani.

Saa sita kasoro kidogo mkwe mwenzangu alitoka uani akakaa nasi, hakuwa na kisu wala matoke. Mtoto alifumbua macho. Alitazama mlango uliokuwa wazi, pale hapakuwa na mtu, ni jua tu na vumbi. Akaanza kwa ile sauti moja.

Mjukuu wangu akamwekea ziwa. Akaniambia taratibu kwamba siku ile ataniomba jina moja tu, halafu hataniomba tena.

Nilifikiria nitafanya kama ule mkono unaopita. Nitaliita jina bila alama, liwe limetajwa na lisiwe limetajwa, mwanangu abaki nyumbani kwenye daftari. Niliona nimepata njia. Nikaweka magoti mlangoni, nikaliita. Jina peke yake. Miaka kumi na mbili sikuwahi kulisema kwa sauti, na lilitoka na sauti niliyokuwa nayo nikiwa kijana, nikimwita aje kula.

Mtoto alinyamaza.

Lakini hakunyonya. Mdomo ulikuwa umegusa ziwa, umefunguka, haukufumba. Macho yalikuwa wazi yametazama mlango, na kifua hakikupanda. Mkwe mwenzangu alinyanyuka. Nilihesabu pumzi zangu tatu na mtoto hakuwa amevuta hata moja. Alikuwa amesimama juu ya jina, hapiti, hafumbi.

"Kukhu, malizia," mjukuu wangu alisema.

Nikafungua mdomo. Niliona lori, niliona mkono wake dirishani na zile betri. Neno halikutoka. Midomo ya mtoto ilianza kuwa ya kijivu.

"Kukhu."

"Siwezi, mama. Akiwa hai je?"

Alinitazama, kisha akamwinamia mtoto, akaweka mdomo sikioni kwake. Kwetu binti hamtaji baba yake kwa jina. Alisema lile neno dogo la Kigisu, vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha, na baada yake akasema, "Baba."

Mtoto akafumba mdomo, akanyonya. Alinyonya kwa nguvu mpaka tukasikia koo linafanya kazi. Rangi ikarudi. Mkwe mwenzangu alikaa chini na kusema basi, basi, imetosha, na mjukuu wangu akawa analia bila sauti juu ya kichwa cha mtoto, machozi yanaangukia nywele zile laini. Alilia kama mtu aliyefiwa jana. Mimi sikulia. Nilikuwa natazama mlango, kwa sababu mtoto aliponyonya jua la pale kizingitini lilitiwa giza mara moja na kurudi, na angani hapakuwa na wingu.

Tangu mchana ule mtoto hajalia tena saa sita. Ana jina la babu yake. Wiki ile ile mjukuu wangu aliwaita watu wa ukoo wakazika shina la mgomba, na safari hii sikukataa. Anaonekana mwepesi. Kazini wamemwambia amenenepa. Ananipigia simu, ananisikilizisha mtoto akicheka, nami namwita kwa jina lake, naye, anasema, anageuka.

Nilirudi Mafubira na galoni tupu. Siku ya kwanza nilipika, nikapakua, mkono wangu ukaenda kwenye sahani ya pili. Ukaigusa, ukaiacha. Nilikula peke yangu.

Saa sita, nikiwa bado natafuna, mlango wa mbele ulisukumwa. Mara moja, chini kidogo ya katikati, pale bega la mtu mrefu linapofika akiinama. Siku hiyo nilikuwa nimeweka komeo kwa mara ya kwanza, kwa kuwa mwenye kuingia bila kubisha nilikuwa nimeshamzika. Komeo likalia. Halafu kimya. Nilipochungulia dirishani njia ilikuwa nyeupe, jirani yangu anaanika mihogo, kuku wamelala kivulini. Nikamuuliza jirani nani kapita. Akasema, "Mama, kwa jua hili apite nani?"

Imekuja tena mara kadhaa. Inasukuma mara moja, inaondoka. Haibishi, haisemi hodi. Mjukuu wangu sijamwambia na sitamwambia, ameshalia vya kutosha.

Mtu mwingine angefungua, au angeuliza nani. Mimi nakaa kwenye kiti changu na kijiko mkononi, namsubiri aondoke. Nikimjibu nitamjibu kwa jina gani? Majina yote ninayo kichwani, hakuna hata moja lililopotea, ila lile moja sasa lina mwenyewe, na saa hizo mwenyewe yuko Mbale, ananyonya.